Jaji Mkuu akiondoka: jinsi ya kufuatilia na kushiriki uteuzi wa mrithi wake Kenya

Anza kwa kujua kiti kitakuwa wazi lini, maana hapo ndipo wengi hukosea. Kifungu cha 167 cha Katiba ya 2010 kimemwekea Jaji Mkuu vikomo viwili. Kimoja ni umri: kila jaji hustaafu akitimiza miaka 70, ingawa anaruhusiwa kustaafu kwa hiari wakati wowote baada ya kufika 65. Kingine ni muhula: Jaji Mkuu hakai kitini zaidi ya miaka 10. Kikomo kitakachotangulia ndicho kitakachomwondoa.

Kwa hiyo andika tarehe mbili. Ya kwanza, siku aliyoapishwa ujumlishe miaka 10. Ya pili, siku aliyozaliwa ujumlishe miaka 70. Jaji Mkuu Martha Koome aliapishwa tarehe 21 Mei 2021, kwa hiyo muhula wake ungefika Mei 2031. Lakini alizaliwa tarehe 3 Juni 1960, na miaka 70 inatimia Juni 2030. Umri unatangulia. Kwa David Maraga, aliyemtangulia Koome, ndivyo ilivyokuwa: aliapishwa tarehe 19 Oktoba 2016 akiwa na miaka 65, na tarehe 12 Januari 2021 akatimiza 70 na kuondoka. Aliyemhesabia miaka 10 kamili alimwongezea zaidi ya miaka mitano ambayo hakuwa nayo.

Hesabu hiyo hukupa siku ya mwisho tu. Jaji Mkuu anaweza kuondoka mapema, na yapo mazingira yanayomfanya afanye hivyo. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu kabla ya Maraga, angeweza kukaa hadi Juni 2017 lakini aliondoka tarehe 16 Juni 2016, ili mrithi wake awe ameshakaa vizuri kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017. Kesi ya kupinga matokeo ya urais hufikishwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 tangu matokeo kutangazwa, na majaji huwa na siku 14 za kuiamua. Huo si muda wa kujifunza kazi. Ndiyo maana ukiona tarehe ya kustaafu imekaribia mwaka wa uchaguzi, tarajia barua ya kustaafu mapema.

Muhula ukiisha kabla ya umri, mhusika ana hiari ya kubaki Mahakama ya Juu kama jaji wa kawaida, na Katiba inaruhusu mrithi ateuliwe hata kama idadi ya majaji itapita saba. Hilo halijawahi kutokea, lakini usishangae siku likitokea.

Tahadhari moja ya lugha kabla hatujaendelea. Mahakama ya Juu ndiyo ya mwisho nchini Kenya, na rais wake ni Jaji Mkuu. Mahakama Kuu iko ngazi mbili chini yake, na katikati kuna Mahakama ya Rufaa. Taarifa nyingi mitandaoni huzichanganya hizi mbili za kwanza, kisha msomaji anadhani Mahakama ya Juu imezuia uteuzi wa mkuu wake yenyewe, ilhali aliyetoa amri ni jaji mmoja wa Mahakama Kuu.

Kiti kikiwa wazi

Naibu Jaji Mkuu ndiye anayekaimu. Sheria ya Huduma za Mahakama ya 2011 inampa muda usiozidi miezi sita. Weka alama kwenye kalenda, kwa sababu mara zote tatu chini ya Katiba hii muda mwingi wa hiyo miezi sita ulitumika. Kutoka kuondoka kwa Johnson Gicheru, aliyekuwa Jaji Mkuu kabla ya Mutunga, tarehe 27 Februari 2011 hadi Mutunga kuapishwa tarehe 20 Juni zilipita siku 113. Kutoka Mutunga hadi Maraga, siku 125. Kutoka Maraga hadi Koome, siku 129.

Hatari kubwa ni Jaji Mkuu na naibu wake kuondoka pamoja. Juni 2016 ilikuwa hivyo hivyo: Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi walilazimika kuondoka baada ya kushindwa katika kesi ya umri wa kustaafu, na siku mbili baadaye Mutunga naye akaondoka. Wakabaki majaji wanne. Akidi ya Mahakama ya Juu ni majaji watano, hivyo mahakama ya mwisho nchini haikuweza kusikiliza kesi hadi wapya walipoapishwa Oktoba. Kwa hiyo kila unapofanya hesabu ya Jaji Mkuu, fanya na ya naibu wake na ya majaji wengine watano. Mmoja akikosekana si neno, hata wawili. Wa tatu ndiye anayefunga mlango. Tarehe 25 Oktoba 2017, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio wa urais, waliofika mahakamani ni Maraga na Jaji Isaac Lenaola peke yao. Ombi la kuahirisha uchaguzi halikusikizwa kwa kukosa akidi, na kesho yake watu wakapiga kura.

Mlango wa kwanza: Tume ya Huduma za Mahakama

Hii ndiyo tume ambayo kila mtu anaiita JSC, kifupi cha jina lake la Kiingereza (Judicial Service Commission), na hapa ndipo Jaji Mkuu anapopatikana hasa. Ina wanachama 11: Jaji Mkuu mwenyewe, wawakilishi wa ngazi mbalimbali za mahakama waliochaguliwa na wenzao, Mwanasheria Mkuu, mawakili wawili, mjumbe kutoka Tume ya Utumishi wa Umma, na watu wawili wa kuwakilisha umma ambao si wanasheria. Msajili Mkuu wa Mahakama ndiye katibu. Jua majina yao mapema, maana kura zao ndizo zinazoamua.

Tume hutangaza nafasi katika Gazeti Rasmi la Serikali na magazetini. Soma masharti kwa makini. Mwombaji anatakiwa awe na uzoefu wa miaka 15 kama jaji, au kama msomi mashuhuri, hakimu, wakili au mtaalamu katika nyanja nyingine ya sheria, na miaka hiyo inaweza kukusanywa kutoka kazi tofauti. Kwa hiyo mtu kusema “fulani hajawahi kuwa jaji” si pingamizi. Mutunga mwenyewe hakuwahi kuwa jaji kabla ya kuwa Jaji Mkuu.

Baada ya tangazo hutoka majina ya waombaji, kisha orodha fupi. Pamoja na orodha hiyo Tume hualika wananchi wenye taarifa kuhusu mwombaji yeyote waziandike na kuzituma kwa katibu wake. Usiuache mwaliko huo upite. Mwaka 2021 walioitwa ni kumi, na mahojiano yakaanza tarehe 12 Aprili hadi 23 Aprili, kila mmoja siku yake, hadharani na mbele ya kamera. Kamishna wa Tume mwenye barua yako mkononi anaweza kumuuliza mwombaji ana kwa ana kuhusu uliloandika, na nchi nzima ikasikia jibu. Baada ya hapo nafasi ya namna hiyo hairudi.

Angalia siku zilivyogawanyika. Katika zile siku 129 za 2021, Tume ilimtangaza Koome tarehe 27 Aprili, na akaapishwa siku 24 baadaye. Siku 105 zote za mwanzo ziliishia kwa Tume na katika kesi zilizofunguliwa dhidi yake. Anayesubiri jina litangazwe ndipo aanze kukusanya nyaraka amechelewa.

Mlango wa pili: Bunge la Kitaifa

Tume hupeleka jina moja kwa Rais, naye hulipeleka bungeni. Kamati ya Haki na Masuala ya Sheria ndiyo inayompiga msasa aliyependekezwa, na lazima itoe tangazo kwa umma angalau siku 7 kabla ya kikao. Sheria ya kuidhinisha uteuzi wa umma inamruhusu mtu yeyote kupinga kwa taarifa ya maandishi iliyotolewa chini ya kiapo, iwasilishwe kwa Karani wa Bunge kabla ya kikao. Barua ya kawaida, hata iwe na hoja nzito namna gani, haihesabiki. Malalamiko mengi hufia hapa.

Hati ya kiapo huandikwa hivi. Anza na jina lako kamili, nambari ya kitambulisho na mahali unapoishi. Fuata na aya zenye nambari, kila aya tukio moja: lini, wapi, nani alikuwapo. Uliloliona mwenyewe liandike kama uliloliona. Uliloambiwa, mtaje aliyekuambia. Kila nakala unayoambatisha itiwe alama ya herufi za mwanzo za jina lako na nambari, tuseme AM 1, AM 2, na aya inayoizungumzia itaje alama hiyo hiyo. Usitie sahihi nyumbani. Beba karatasi zote hadi kwa kamishna wa viapo, yaani wakili aliyeidhinishwa kuapisha watu, utie sahihi mbele yake, naye agonge muhuri kwenye hati na kwenye kila kiambatisho. Peleka mapema, na nakala unayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo huna cha kuonyesha ukiambiwa hukuleta kitu.

Na kilichomo? Kosa la kawaida kabisa ni kulalamika kwamba jaji huyo alikuamulia kesi vibaya. Hukumu usiyoridhika nayo inakatiwa rufaa. Si ushahidi wa utovu wa maadili. Kinachotafutwa ni mambo kama mgongano wa maslahi ambao haukutajwa, hukumu iliyokaa miaka bila kusomwa, au mali isiyoelezeka. Hoja moja yenye nyaraka ni bora kuliko kumi za kusikia.

Rais na mahakama

Bunge likiidhinisha, Rais humteua kupitia Gazeti Rasmi na kiapo hufuata. Hapa hana pa kuchagua. Januari 2011 Rais Mwai Kibaki alitangaza jina la Jaji Alnashir Visram bila kupitia Tume; Mahakama Kuu ikasema Katiba imekiukwa, na Rais akaliondoa. Mwisho wa 2015 sheria ikarekebishwa ili Tume impelekee Rais majina matatu achague mmoja, na Mei 2016 Mahakama Kuu ikaifuta. Ukisikia tena pendekezo la majina matatu, ujue lilishajaribiwa.

Hata hivyo Rais anaweza kukawia. Majaji 41 wa ngazi nyingine waliopendekezwa 2019 walisubiri hadi Juni 2021, na hata hapo wakaapishwa 34 tu. Kuchelewa kwa namna hiyo kwenye kiti cha Jaji Mkuu kungeila miezi sita ya kaimu upesi sana.

Kuhusu kesi: kila uteuzi umezaa kesi, na amri za kusimamisha hutolewa na kuondolewa kwa muda mfupi. Ukisoma kwamba mchakato umezuiwa, tafuta mambo matatu kabla ya kusambaza habari: ni mahakama ipi, ni amri ya muda au hukumu, na tarehe ya kusikilizwa tena ni lini.

Wasomaji wa Tanzania wasibebe mfumo huu kuvuka Namanga. Kwao mahakama ya mwisho ni Mahakama ya Rufani, na Ibara ya 118 ya Katiba yao inampa Rais uwezo wa kumteua Jaji Mkuu bila usaili wa hadharani na bila kura ya Bunge. Ibrahim Juma alikaimu kama Jaji Mkuu wao tangu Januari 2017 hadi alipothibitishwa Septemba mwaka huo, zaidi ya miezi sita ambayo naibu wa Kenya angeruhusiwa.

Kwa Kenya, kama Koome hataondoka mapema, uchaguzi wa Agosti 2027 utamkuta kitini na ule wa 2032 utamkuta mrithi wake. Gazeti Rasmi hutoka kila Ijumaa, na matoleo maalum siku yoyote. Kuanzia mwanzoni mwa 2030 lisome kila wiki, na nyaraka zako ziwe tayari kabla orodha fupi haijatoka.