Kuamsha Peugeot 504 stesheni wagoni lililolala: betri iwe ya mwisho

Bado yapo, moja moja, chini ya miarobaini ya Chang'ombe na Kikuyu hapa Dodoma: tairi zimelala, nyuma kumepangwa magunia ya mkaa. Siku mwenye gari akipata hamu, jirani huleta betri na kusema "piga stata tuone." Injini nyingi nzima huuawa siku hiyo. Ringi, zile pete za pistoni, zimeshikana na silinda kwa kutu, oili yote imeshuka kwenye sampu, bakuli la chini ya injini, halafu stata inalazimisha. Ringi inakatika na silinda inachanika.

Kwanza hakikisha unachofufua. Stesheni wagoni la 504 lina ekseli nzima nyuma na springi nne, mbili kila upande. Lile la viti vya safu tatu ndilo Familiale. Anayetamani gari kama la Luteni Columbo, yule mpelelezi wa kwenye televisheni, ajue lile ni 403 la paa la turubai, na vipuri vyake ni habari nyingine kabisa. Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Huku Peugeot ilijulikana barabarani, na kwenye Safari Rally, ambayo 404 ilishinda 1966, 1967 na 1968, kisha 504 ikashinda 1975 na 1978.

Anza na plagi. Puliza vumbi kwenye mashimo yake kabla hujazifungua, maana la Dodoma ni laini kama unga na likiingia ndani linasaga. Zitoe zote nne, mimina vijiko viwili vya oili iliyochanganywa na dizeli nusu kwa nusu kila silinda, kisha acha siku mbili. Hapo weka gia ya nne, watu wawili walisukume gari taratibu mbele na nyuma. Likigoma, ongeza mchanganyiko na usubiri siku mbili nyingine. Usilivute kwa gari jingine.

Likilegea, mwaga oili ya zamani, badilisha filta, weka lita 4 za 20W-50. Kagua ile uliyomwaga: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Injini hii ya petroli ina silinda za kuchomeka, zimesimama ndani ya maji na kuzibwa chini kwa sili. Gari likikaa miaka, sili hukauka. Ndiyo maana pia ukifungua silinda hedi usizungushe krenki kabla hujazibana silinda kwa boliti na washa pana. Zikinyanyuka hata kidogo, sili zimekufa na injini itabidi ifunguliwe yote.

Petroli ya zamani itoe yote. Ikinuka kama vanishi, tangi lishushwe lioshwe. Nyigu wa udongo hupenda sana matundu ya magari yaliyolala, kwa hiyo pitisha waya kwenye kipumulio cha tangi, na mulika mdomo wa ekzosi kwa tochi. Kabureta ifunguliwe, jeti, yale matundu madogo ya kupitishia petroli, zipulizwe kwa upepo. Usizichokonoe kwa waya, utapanua tundu na gari litakunywa petroli.

Sasa kupoza. Hapa ndipo 504 huwashinda mafundi waliozoea Toyota tu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wa rejeta uliochoka hauwezi kushikilia presha, kwa hiyo maji yatachemka mapema kuliko Dar. Badilisha mfuniko na hosi zote bila kubishana. Maji ya kisima usiweke. Hedi ni ya aluminiamu, na maji ya chumvi huila na kuacha ukoko mweupe kwenye njia za maji. Tumia koolanti, au maji ya mvua yaliyochujwa mpaka uipate.

Kuna na ile feni. Haizunguki muda wote: ina sumaku ya umeme kwenye puli ya pampu ya maji, na swichi ya joto ndiyo inayoiamuru ishike. Fundi asiyeijua ataona feni inalegalega akadhani ni mbovu, au ataona gari linachemsha akafungua hedi bure. Ipime hivi: chomoa waya unaokwenda kwenye kaboni nyuma ya puli, ipe kaboni hiyo volti 12 kutoka kwenye betri ya pembeni kupitia fyuzi. Ukisikia "tak!" na feni ikashikana na puli, sumaku nzima, tafuta kosa kwenye swichi au waya. Kimya? Mara nyingi kaboni imeisha, au mkanda wa shaba inaposugua umeota uchafu. Usafishe kwa msasa mwembamba. Wengine huamua kuifunga feni ishike moja kwa moja. Inakula nguvu kidogo, lakini kwa jua la Oktoba na foleni ya Sabasaba si uamuzi wa kucheka.

Nafasi za valvu zipimwe injini ikiwa baridi: za kuingiza 0.10 mm, za kutoa 0.25 mm. Nafasi ya pointi za distribyuta ni 0.40 mm, ya plagi 0.6 mm. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, ila silinda namba 1 ni ya nyuma, upande wa klachi. Ukianza kuhesabia mbele kwenye rejeta, waya zitakaa kinyume na utashinda unapiga stata bure.

Sasa funga betri kwenye gari. Plagi zikiwa bado nje, piga stata sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe plagi, uwashe. Acha lingurume dakika 20, hita ikiwa wazi, macho kwenye geji, ukisubiri ule mlio wa feni.

Breki hazina mjadala: mbele diski, nyuma ngoma, zote zifunguliwe, raba zibadilishwe, fluidi mpya. Tairi ni 185 R14, zinazopatikana kwa wauza tairi za vipanya; soma tarakimu nne ubavuni, 1219 ni wiki ya 12 ya mwaka 2019.

Siku ya kwanza zunguka Nkuhungu na Kizota, usiende mbali kama Bahi. Baada ya kilomita 500 mwaga oili tena, na urudie kupima valvu.