Somo: Kupamba nyumba na bustani kwa vyombo vya zamani vya Kifaransa

Tuelewane jambo moja kabla ya kuanza. Ile nyumba ya Kifaransa inayowavutia kwenye picha haikupambwa kwa mapambo. Karibu kila unachokiona pale kilikuwa na kazi yake: ndoo ilichota maji, birika lilichemsha kahawa, shuka limelaliwa na bibi na wajukuu. Kitu kilichotengenezwa juzi kikakwaruzwa kiwandani ili kionekane kizee, jicho halidanganyiki. Basi kanuni ya somo hili ni moja: nunua kilichofanya kazi, kisha ukipe kazi nyingine.

Mimi niko kaskazini mwa Ufaransa, upande wa Lille, kwa hiyo mifano mingi itatoka huku.

Hatua ya 1: Jua unaingia soko gani

Bango likiandikwa *vide-grenier*, wauzaji ni majirani wanaotoa vya darini na stoo. Sheria inamruhusu mtu wa kawaida kuuza vitu vyake vilivyotumika mara mbili tu kwa mwaka kwenye mauzo ya namna hii, ndiyo maana wengi si wafanyabiashara na bei zao ni za kutaka kurudi nyumbani na gari tupu. *Brocante* ina wachuuzi wanaojua wanachouza. Antikwari, yaani muuzaji wa vitu vya kale, anajua zaidi ya wewe, na utalipia elimu yake.

Kuna pia Emmaüs, jumuiya ya kuwasaidia wasio na makazi iliyoanzishwa na padre Abbé Pierre mwaka 1949. Wanapokea vitu vya msaada, wanavitengeneza na kuviuza. Bei zao zimeandikwa, na kubishana nao bei si ungwana, kwa sababu hela hiyo ndiyo inayowaweka watu wao.

Paris kuna Saint-Ouen, soko kubwa lenye masoko mengine ndani yake. Humo ndani, Vernaison ni pazuri kwa vitu vidogo vidogo. Paul Bert Serpette nenda ukakodoe macho, ujifunze, utoke na pochi yako. Vanves, soko jingine la Paris, ni Jumamosi na Jumapili, na uende asubuhi. Kusini, L'Isle-sur-la-Sorgue ina soko la Jumapili. Huku kwetu mambo yote ni Braderie ya Lille, wikiendi ya kwanza ya Septemba, mji mzima ukiwa gulio na maganda ya kome yamerundikwa nje ya migahawa.

Hatua ya 2: Siku yenyewe

Beba chenji, kikapu kigumu, magazeti ya kufungia na sumaku ndogo ya kujulia kama kitu ni cha chuma. Alfajiri kuna vitu, alasiri kuna bei. Sema *Bonjour* kabla hujagusa chochote, asiyesalimu hapunguziwi. Na usikate bei nusu kama uko Kariakoo, mwenye meza atakununia. Chukua vitu vitatu, uombe bei ya jumla.

Hatua ya 3: Kukagua

Hapa ndipo hela inapookolewa, kwa hiyo tukae kidogo.

*Enameli.* Zile kopo za jikoni zilizopangwa kubwa hadi ndogo, zimeandikwa FARINE, SUCRE, CAFÉ, THÉ, ÉPICES, POIVRE (unga, sukari, kahawa, chai, viungo, pilipili manga), zikiwa seti kamili ni ghali. Mimi hununua zilizobaki peke yake. CAFÉ moja na POIVRE ya rangi tofauti zikikaa pamoja zinapendeza kuliko seti, maana seti inafanana na dirisha la duka. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma. Ikimeguka, chuma kinabaki uchi na kutu inaanza. Pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kifuniko, chini ya kitako, na pale mdomo wa birika unapoungana na tumbo. Halafu fungua kifuniko, elekeza kitako kwenye jua, uchungulie ndani. Ukiona nukta ya mwanga kama tundu la sindano, birika hilo halichemshi tena. Si la kutupa, ila linunue kwa bei ya chungu cha maua. Lililomeguka nje tu halina neno. Lililomeguka ndani usilinywee.

*Shuka za kitani.* Wasichana wa zamani walitarizi herufi za majina kwenye shuka za kuolewa, mara nyingi kwa uzi mwekundu au mweupe. Usikubali kuonyeshwa pembe yenye herufi peke yake, kwa sababu pembe haikulaliwa. Likunjue lote, liinue kwenye mwanga. Katikati ndipo mwili ulipolala, na ndipo panapochakaa. Mshono unaopita katikati kutoka juu hadi chini usikutishe: vitambaa vya zamani vilifumwa vyembamba, vipande viwili vikaunganishwa. Lililochakaa katikati bado linatoa vitambaa vya meza kutoka pembeni, na unalipata kwa bei ya chini.

*Glasi.* Duralex labda mliziona kwenye kabati la vyombo nyumbani. Ile yenye pande pande inaitwa Picardie, imetoka 1954. Ina namba kitakoni, namba ya kalibu tu, lakini watoto wa shule hapa huisoma kuwa ndiyo umri wao. Ziweke mezani na chai, au mshumaa ndani. Hizi nunua bila kufikiri sana.

*Viti.* Kiti cha bustani cha kukunja, cha chuma na mbao, kikunje na kukikunjua mara kadhaa, kisha ukikalie. Ukiona aibu kukikalia sokoni utaanguka nacho nyumbani mbele ya wageni. Kiti cha bati ngumu cha Tolix, kile alichobuni Xavier Pauchard wa Autun mwaka 1934, kina nakala nyingi sana. Muuzaji akikwambia ni halisi, mwombe akuonyeshe alama, na asipokuwa nayo lipa bei ya nakala.

Hatua ya 4: Kusafisha bila kuharibu

Wengi huharibu hapa kwa bidii. Kazi yako ni kuondoa uchafu, si umri.

Enameli: maji ya moto, sabuni, uji mzito wa soda ya kuokea, na subira. Siki ni asidi, usiiloweke humo. Kutu ya chuma iondoe kwa brashi ya waya, halafu paka mafuta ya kitani kidogo sana na ufute yanayobaki. Yale matambara yenye mafuta yatandaze nje yakauke, usiyakunje na kuyatupa pipani, maana yanaweza kushika moto yenyewe.

Shuka lililogeuka manjano liloweke kwanza kwenye maji baridi usiku kucha. Asubuhi weka unga mweupe ulioandikwa *percarbonate* kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 60. Kwenye maji baridi unga huo haufanyi kazi yake. Kisha lianike juani. Dawa ya klorini iache dukani, inakula nyuzi.

Rangi kuukuu ni habari nyingine. Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na ndiyo maana hapa nyumba iliyojengwa kabla ya 1949 hupimwa risasi kabla ya kuuzwa. Dirisha la mbao lenye rangi inayobanduka linapendeza, najua, lakini usilipige msasa mkavu hata siku moja, wala usiliweke anapocheza mtoto. Paka vanishi isiyo na rangi, litundike nje. Na kitanda cha mtoto cha zamani usinunue kabisa. Mwanasesere alale humo.

Hatua ya 5: Bustani

Chombo ninachokipenda kuliko vyote ni *lessiveuse*, pipa la bati la zinki la kuchemshia nguo kabla mashine za kufulia hazijaenea. Ndani lilikuwa na bomba la katikati lenye kofia kama uyoga: maji yakichemka yanapanda kwenye bomba na kujimwagia juu ya nguo. Toa bomba hilo, lichomeke kwenye udongo mahali pengine, litabeba mmea unaotambaa.

Pipa lenyewe litoboe matundu matano au sita kitakoni kwa keekee, ukianzia ndani kwenda nje ili ncha za bati zisizuie maji. Weka kokoto kimo cha vidole vinne, juu yake kipande cha gunia, halafu udongo uliochanganywa na mboji. Lavenda na rozimari zinataka mchanga zaidi na maji kidogo. Jerania hazisumbui. Maungio ya vyombo hivi huenda yalichomelewa kwa risasi, kwa hiyo panda maua. Mchicha tafuta mahali pengine.

Mabustani ya Kifaransa yalipenda sana *buis*, kile kichaka kinachokatwa kikawa mpira. Tangu 2008 kuna kiwavi wa nondo aliyeingia na kukitafuna nchi nzima. Usijisumbue, kata rozimari kwa umbo hilohilo.

Chini mwaga kokoto nyepesi, weka meza ndogo ya duara na viti viwili visivyofanana. Imetosha. Ukiona bado kuna nafasi, iache.

Hatua ya 6: Ndani

Vitu vya aina moja viweke pamoja, vya aina tofauti vitenganishe. Birika tatu juu ya rafu moja zinaonekana. Birika tatu katika vyumba vitatu zinapotea. Kioo chenye fremu ya dhahabu kiegemeze juu ya meko au kabati badala ya kukitundika, ila kifunge kwa nyuma kisimwangukie mtu. Shuka zuri lifanye pazia kwa klipu za pete, bila kulikata.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Brussels: Dada, ahsante kwa somo. Nimenunua kabati la mbao, sasa kila asubuhi nakuta unga mwembamba sakafuni. Nifanyeje?

Hao ni dumuzi, na unga mpya maana yake bado wako kazini. Litoe kabati chumbani leo, lisikae karibu na mbao nyingine. Paka dawa ya wadudu wa mbao kwenye matundu, hasa nyuma na chini ambako mbao haina vanishi, kisha lifunike kwa nailoni kama pakiti inavyoelekeza. Baadaye ziba matundu kwa nta. Yakitokea mapya utayajua. Na ukienda tena Place du Jeu de Balle, maana nyie soko mnalo kila siku, piga mbao kwa kiganja juu ya karatasi nyeupe kabla hujalipa.

Mwanachama, Nairobi: Sasa sisi ambao Ufaransa hatufiki? Kuagiza ni pesa mingi.

Usiagize, mdogo wangu. Nenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, ununue karai, ndoo na kopo la kumwagilia la mabati. Ni kazi ya mkono. Viache nje kwenye mvua, mng'ao wake utafifia vyenyewe. Mabirika ya enameli waulize wazee wa nyumbani kwanza kabla hujaenda Gikomba.

Mwanachama, Mombasa: Bi, mama ana sahani za Arcopal zenye maua, amezifungia kabatini tangu nikiwa mdogo. Nazo zahesabika?

Zinahesabika sana! Arcopal ni ya Ufaransa, kutoka Arques, si mbali na kwangu. Walianza kuitoa 1958. Ile ya maua madogo ya buluu hapa watu wanaigombea. Omba ruhusa ya mama kwanza, usije ukaleta vita. Zilizofifia maua zitundike ukutani badala ya kulia, kwa kuwa rangi za mapambo ya zamani zinaweza kuwa na madini yasiyofaa.

Mwanachama, Muscat: Pipa la zinki kwa jua letu si litapika mizizi?

Litapika. Panda kwenye chungu cha plastiki, kitumbukize ndani ya pipa na kuacha nafasi ya hewa pande zote, liweke kivulini kuanzia saa sita mchana. Kama uko karibu na bahari, chumvi itakula viti vya chuma visivyopakwa kitu, hivyo wewe tafuta vya mbao.

Mwanachama, Marseille: Nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba hataki hata msumari.

Ngazi ya mbao ya kuchumia matunda. Iegemeze ukutani, ning'iniza shuka, taa na vikapu. Siku ya kuhama unaibeba begani.