SOMO: Kuchuja maji ya kisima (chumvi HAITOKI, someni kwanza)

Juma hili tu nimeulizwa mara saba: "Nimenunua chujio, mbona maji bado ya chumvi?" Naandika mara moja, basi.

Ukichuja tui, machicha hubaki kwenye kifumbu, tui likapita na utamu wake. Chumvi nayo imeshayeyuka majini, hupita vivyo hivyo. Kuitoa kunataka mtambo wa utando, unaosukuma maji yapite utandoni na kuiacha chumvi nyuma, ule wanaouita RO. Kuchemsha ndiyo kabisa: maji yanapungua, chumvi inabaki. Na huku Kisauni tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu. Ukivuta sana kisimani, bahari inakuja.

1. Maji yatulie usiku kucha.
2. Yapitishe kwenye kitambaa safi.
3. Mimina ndoo ya juu, yenye kile kichujio cha kauri kama mshumaa.
4. Tia dawa ya klorini ndoo ya CHINI. Mwaka juzi nilijiona mjanja, nikaitia juu nisifunue ndoo mara mbili. Mshumaa wangu una mkaa ndani, na mkaa ule hunywa klorini. Maji yakatoka hayana harufu, nikajisifu. Siku ya tatu nyumba nzima tunapishana chooni. Kauri huzuia bakteria wengi, lakini virusi ni vidogo mno, vinapita; na visima vyetu vyaangaliana na vyoo vya shimo. Wala usitie dawa kwenye maji ya tope, tope huila kabla haijafanya kazi.
5. Subiri nusu saa.

MASWALI

Baharia_01: Sasa chujio gani inatoa chumvi?
— Rudi juu, baada ya machicha.
Baharia_01: Nimeuliza tu, kaka.
— Nami nimeandika tu.

Mama Watatu: Mshumaa wangu siku hizi wadondosha polepole. Niuoshe kwa sabuni?
— La, dada. Sabuni huingia matunduni isitoke. Brashi laini na maji safi. Ukiona ufa, hata wa unywele, tupa.

Mkunazi: Bibi yangu alichujia leso kuukuu tu, mpya hataki. Kuna sababu?
— Ahsante kwa swali! Bangladesh walijaribu sari kuukuu, ikikunjwa mara nne au zaidi. Matokeo yalitoka 2003: kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu. Kijidudu chake hung'ang'ania viumbe vidogo vya majini; ukivizuia hivyo, nacho umekizuia. Na nguo iliyofuliwa sana matundu yake yamebana. Lakini dawa pale pale.

Mkunazi: Yangu imechuja hata maua hayaonekani.
— Basi iliyochuja ndiyo ichuje. Ifue, uianike juani.

Mama Watatu: Na maharage? Kwa maji ya kisima hayaivi, makaa yaniisha.
— Chokaa ya mwamba hiyo, chujio hailiwezi. Mwenye mkokoteni akipita, chukua mtungi mmoja wa maji matamu, uweke wa maharage na chai.