Namna ya Kukabili Uonevu Kazini Pale Malezi Yanapokutaka Unyamaze

Kwanza tenganisha ukali wa kazi na uonevu. Msimamizi anayeikosoa ripoti yako kwa sababu zinazoeleweka hakuonei. Anayekudhihaki mbele ya wenzako wiki baada ya wiki, au kukuficha taarifa unazozihitaji ili uonekane hufai, anakuonea. Heinz Leymann, mtafiti wa mwanzo wa suala hili nchini Sweden, aliweka kipimo cha angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 6, lakini usingoje muda huo utimie, kwa kuwa Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, uliopitishwa mwaka 2019, unatambua hata tukio moja.

Kisha jiulize umelelewa kufanya nini mbele ya mkubwa anayekukosea. Geert Hofstede, aliyelinganisha tamaduni za kazi za nchi nyingi, alionyesha kuwa jamii hutofautiana katika kukubali pengo la mamlaka, yaani umbali kati ya wakubwa na walio chini yao. Pengo hilo linapokuwa pana, anayeonewa huelekea kunyamaza, kuomba uhamisho au kuacha kazi, na pale kundi linapotangulizwa, huogopa kwamba malalamiko yake yatawaaibisha wenzake wote. Hata anayetoka kwenye jamii inayosifu kujitegemea anaweza kunyamaza, kwa kuona haya kuomba msaada. Kunyamaza huko si ridhaa, na ninasikitika kila ninaposikia kukitumiwa kama ushahidi kwamba hakuna kilichotokea.

Lililo muhimu zaidi ni kuandika: tarehe, maneno yaliyosemwa, waliokuwepo na jinsi kazi yako ilivyoathirika. Kuandika hakumvunjii mtu heshima, hivyo hata aliyefunzwa kutojibizana na wakubwa anaweza kuanzia hapo. Hifadhi kumbukumbu hizo nje ya vifaa vya mwajiri, ila usitoe nyaraka zake za siri.

Kama kumkabili mhusika ana kwa ana hakuwezekani, mtumie mtu wa kati anayeheshimika, mradi asiwe chini ya mamlaka ya mwonevu, na makubaliano yaandikwe, maana suluhu ya mdomo mara nyingi humtaka aliyeumizwa asamehe huku mwenendo ukiendelea. Likishindikana hilo, peleka malalamiko rasmi kwa idara ya rasilimali watu au chama cha wafanyakazi, ukieleza matendo badala ya tabia ya mtu.

Nawe uliye kiongozi, ruhusu malalamiko yawasilishwe kwa maandishi au kupitia mwakilishi, na usimlazimishe mlalamikaji kuketi meza moja na anayemtuhumu.