Jinsi ya kufuatilia asili ya neno la Sheng

Lipate neno la Sheng, lugha ya mitaani ya vijana wa Kenya, likiwa katika matumizi kabla ya kuuliza lilikotoka. Andika sentensi nzima kama ilivyotamkwa, kisha ongeza mtaa, tarehe na umri wa kukadiria wa msemaji. Sentensi nne au tano za watu wasiojuana zinatosha kuanzia. Usizikusanye zote kwa kundi moja la marafiki, maana Sheng hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa, na kundi moja huweza kuwa na maana yake lenyewe.

Ukimhoji mtu, usimuulize "neno hili limetoka wapi?" Asiyejua atakutungia hadithi kwa nia njema tu, nawe utaiandika kama ushahidi. Muulize alilisikia kwa nani mara ya kwanza, akiwa wapi, na wakati huo alikuwa darasa la ngapi. Majibu hayo yanakupa tarehe.

Sasa tazama sarufi, hatua ambayo wengi huiruka ingawa ndiyo yenye faida kubwa. Chukua "matatu", gari la abiria la Kenya. Mbona "matatu" na si "tatu"? Shilingi ni tatu, senti ni tatu; kiambishi ma- kinadai nomino ya ngeli ya LI-YA iliyodondoka. Nomino hiyo ni "mapeni". Peni ilikuwa sarafu ya senti 10, na mapeni matatu, yaani senti 30, ndiyo iliyokuwa nauli. Hapo sarufi na historia ya nauli zinathibitishana. Dar es Salaam nako gari la abiria lilipewa jina kwa njia hiyohiyo: "daladala" imetokana na "dala", sarafu ya shilingi 5. Mfano wa jirani kama huu hauthibitishi asili ya neno lako, ila unaonyesha kwamba njia hiyo ya kuunda majina ipo kweli.

Kisha vua neno mapambo yake. Sheng hupenda kukata mkia na kubandika mwingine: chapati ikawa "chapo", na neno la Kiingereza la mama likawa "mathe". Ondoa silabi ya mwisho, utazame mzizi unafanana na nini. Usipopata kitu, jaribu kugeuza silabi. Mchezo huo ni wa zamani pwani na unaitwa kinyume. Lakini si kila -o ya mwisho imebandikwa, kwa hiyo rudisha umbo zima kabla ya kuendelea.

Ukiwa na mzizi, upeleke kwenye lugha zaidi ya moja. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. "Ngiri" kwa Sheng ni elfu moja. Ukifungua kamusi ya Kiswahili pekee utakutana na mnyama wa jamii ya nguruwe, na ukitaka unaweza kubuni hadithi tamu ya mnyama huyo na noti. Muulize Mkikuyu: "ngiri" kwao ni elfu. Sauti ileile, maana ileile, na wazungumzaji wake wamejaa Nairobi. Kufanana na neno la Kiswahili ni sadfa tu. Vilevile "mosmos", polepole, halieleweki mpaka ufike kwenye Kijaluo, ambako "mos" ni taratibu. Kwa neno la Nairobi, pitia angalau Kiswahili, Kiingereza, Kikuyu, Kijaluo, Kikamba na Kiluhya, ukiwauliza wazungumzaji wenyewe pale kamusi zinapokosekana.

Kila dhana ipitishe kwenye maswali manne: sauti zinaafikiana? Maana inaunganika bila kuruka? Wakati unalingana? Wasemaji wa lugha hizo mbili walikutana wapi? Jibu la "hapana" kwenye wakati huiua dhana hata kama mengine yote yamekubali. "Jirongo", noti ya shilingi 500, inatokana na Cyrus Jirongo, aliyeongoza YK'92, kundi la vijana wa chama cha KANU, katika kampeni za uchaguzi wa 1992. Dai hilo linapimika: mtu akileta maandishi ya kabla ya 1992 yenye neno hilo kwa maana hiyo, asili itafutwe upya. Dhana isiyoweza kupingwa kwa namna yoyote haifai kuandikwa.

Jihadhari hasa na asili zinazodai kwamba kila herufi ya neno inasimamia neno jingine. Nyingi hutungwa baada ya neno kuenea. Kama hujapata andiko la zamani lenye kirefu hicho, kiache.

Unapoandika matokeo, tenganisha maana na asili. Maana huanza na sentensi uliyoisikia, mtaa na mwaka. Asili ifuate ikiwa na alama ya uzito: hakika, yaelekea, au haijulikani. Usiogope hiyo ya tatu. Itamwokolea muda atakayekuja kulitafiti neno lilelile.