Karatasi ya mgomba: chembe za nano zioteshe ndani ya uzi, usinunue poda

Habari za jioni wanakikundi. Wengi mmeuliza kwa nini kadi zangu siku hizi hazionyeshi maandishi ya upande wa pili. Migomba ni ileile ya hapa Moshi. Kilichobadilika ni kijazio, yaani unga unaojaza matundu ya karatasi.

Karatasi tupu ni nyuzi za selulosi zilizoshikana, na katikati yake kuna matundu. Viwanda huyaziba kwa unga wa madini: mawe ya chokaa, talki, au kaolini kama ile ya Pugu. Chembe za nano, yaani zisizozidi nanomita 100 (unywele mmoja una kama nanomita 80,000), huingia hata kwenye vijitundu ambavyo unga wa kawaida hauvifikii. Karatasi inalainika na wino hausambai.

Mimi nilianza kwa kununua poda ya chembe hizo. Niliimimina kwenye rojo la nyuzi na maji, nikakoroga, nikainua fremu yenye wavu. Maji yaliyochuruzika yalikuwa meupe kama maziwa, karatasi ikabaki na rangi yake ya kahawia. Hela yangu yote ilipita kwenye wavu nikiiangalia. Kiwandani chembe hizo hunaswa kwa wanga uliotengenezwa maalumu uwe na chaji chanya, na huo sijauona duka lolote la hapa mjini. Ndiyo maana sasa naziotesha humohumo ndani ya uzi.

Hatua ya 1. Katakata magamba ya mgomba vipande vya sentimita 2, yaanike. Kwa kila gramu 100 kavu weka gramu 20 za magadi, chemsha saa 2 au 3 hadi uzi ukatike kwa vidole. Suuza mpaka maji yasiteleze mkononi.

Hatua ya 2. Twanga kwenye kinu. Blenda inakata uzi ukawa mfupi. Mchi unauchambua ukatoa manyoya, na manyoya hayo ndiyo yanayoshikana.

Hatua ya 3, na hapa msiharakishe. Chukua gramu 11 za chokaa iliyozimwa kwa kila gramu 100 za uzi mkavu. Iwe mpya, kutoka mfuko uliofungwa vizuri, kwa sababu chokaa iliyokaa wazi imeshakula hewa ya ukaa na haina kazi tena. Vaa glavu na miwani. Ikoroge kwenye maji baridi ya alfajiri, changanya na rojo zito, ikamue mara kadhaa, kisha iache saa 4 ili maji ya chokaa yazame ndani ya uzi. Ubaridi una maana mbili: chokaa huyeyuka zaidi kwenye maji baridi kuliko ya moto, na fuwele zinazozaliwa huwa ndogo.

Hatua ya 4. Sasa peleka hewa ya ukaa. Mimi naitoa kwenye pipa la ndizi za mbege (pombe yetu ya ndizi) zinazochacha: mfuniko una tundu moja, mpira unatoka hapo na kuzama chini kabisa ya ndoo ya rojo. (Mama mkwe alidhani nimerukwa na akili. Mbege yake haikupungua hata kata moja.) Asiye na mbege atumie chupa ya lita 2, gramu 100 za sukari, kijiko cha hamira na maji ya vuguvugu. Mpira usizibe hata kidogo, maana chombo kinaweza kupasuka. Koroga bila kuacha. Chokaa inakutana na hewa na kugeuka kalsiamu kaboneti palepale ilipo, ndani na juu ya uzi; gramu 11 zinakupa karibu gramu 15. Pima kwa karatasi ya pH (inayoonyesha kiasi cha tindikali au alkali): ikishuka kutoka 12 hadi 8 hivi, toa mpira. Ukiendelea, hewa inaanza kuyeyusha ulichokijenga. Chembe nyingine zitashikana na kuvuka kipimo cha nano. Ukikoroga vizuri zinapungua.

Hatua ya 5. Pika gramu 3 za wanga wa muhogo uwe uji mwepesi, changanya, inua karatasi, kandamiza, anika.

Kuhakikisha, dondosha siki kwenye kipande kikavu. Kikitoa povu, kaboneti imo.

MASWALI

Mama wa Machame: Mwalimu, magadi yameniishia. Majivu ya jikoni yanafaa?

Yanafaa, mama, shikamoo. Loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa mara mbili, chemsha muda mrefu zaidi. Majivu yenyewe yasiingie kwenye rojo, yatakuachia madoa.

Kijana wa Njiro, Arusha: Kaka, nikiweka chokaa mara tatu si itakuwa nyeupe zaidi?

Itakuwa nyeupe na itachanika ukiikunja. Kila chembe inayokaa kati ya nyuzi mbili inazizuia zisigusane, na nguvu ya karatasi yote iko kwenye mgusano huo. Karatasi za ofisini hubeba kijazio kama asilimia 15 hadi 30, lakini zina mashine na dawa za kuzishikilia. Sisi tuishie 15.

Dada wa Marangu: Kwa hiyo chembe ikizidi kuwa ndogo ndiyo bora?

Kwa kuziba matundu na kushika wino, ndiyo. Kwa kuficha maandishi, hapana. Chembe ndogo mno kuliko nusu ya wimbi la mwanga inauacha mwanga upite. Titani dioksaidi, kwa mfano, huficha vizuri zaidi ikiwa na nanomita 200 hivi. Kwa hiyo zile zangu zilizoshikana zina kazi yake pia, usizichukie.

Mwanachama wa Usa River: Nilizoea kutia shabu. Niendelee?

Acha kabisa. Shabu ni tindikali, itakula kaboneti na ndoo itajaa povu. Mimi nimeshapiga deki sakafu kwa ajili hiyo. Tena tindikali ndiyo inayoifanya karatasi iwe ya njano na kukatika. Kiwango cha ISO 9706 cha karatasi za kudumu kinataka akiba ya alkali inayolingana na angalau asilimia 2 ya kalsiamu kaboneti, na wewe tayari unayo kuzidi hapo.

Yuleyule: Na ile poda ya titani niliyoshanunua?

Usiifungue kwenye upepo wala karibu na watoto. Vumbi lake likivutwa liko kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Iloweshe ukiwa umevaa barakoa, kisha itumie kama rangi ya kupaka juu ya karatasi kwa brashi, pamoja na uji wa wanga.