Somo: Kufunga kipimo cha hewa kwenye ndege ya utafiti

Somo hili ni la wanafunzi wa vyuo mlioko Marekani mnaopata nafasi ya kushika spana kwenye ndege za utafiti. Nafasi zipo. Ndege ya DC-8 ya NASA, iliyobeba wanasayansi tangu 1987, ilitua Pocatello, Idaho, Mei 2024 na kubaki huko Idaho State University ifundishie mafundi ndege.

1. Anza na makaratasi. Soma kumbukumbu za matengenezo ujue wapi palitobolewa, wapi pana kiraka. Inachosha, najua.

2. Tafuta kutu. Fungua sakafu ya jikoni na chooni, maana huko majimaji huvuja. Alumini haigeuki nyekundu. Tafuta unga mweupe na rangi iliyovimba.

3. Chagua mahali pa bomba la kuvuta hewa. Hapa msiharakishe. Hewa inayosugua bodi la ndege hupungua mwendo na kupata joto, kwa hiyo mdomo wa bomba lazima utokeze nje ya tabaka hilo. Uwe pia mbele ya injini, la sivyo mtarudi na data nzuri sana ya moshi wenu wenyewe. Mhandisi apitishe mchoro kwanza, ndipo drili iguswe.

4. Piga hesabu ya uzito. Rafu ya vipimo ya kilo 90 ikikaa mita 2 nyuma ya kitovu cha uzito, ya kilo 60 itaisawazisha ikikaa mita 3 mbele.

MASWALI

Mkuu, mimi nasoma kemia, sina leseni. Naruhusiwa kutoboa?
— Kwa ndege ya kiraia, ndiyo, mradi fundi mwenye leseni ya FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani) awepo hapo hapo akikusimamia. Sahihi ni yake. Andika saa zako: kwa njia ya uzoefu, miezi 18 inakuruhusu kufanya mtihani wa ufundi wa bodi la ndege au wa injini, na 30 yote miwili.

Naweza kuchomeka kipimo cha maabara moja kwa moja?
— Usithubutu. Umeme wa AC kwenye ndege kubwa ni volti 115 kwa hezi 400. Wa ukutani huko ni hezi 60. Pitisha kwenye kibadilishi.

Fundi, ribiti (pini ya chuma inayogongwa kuunganisha mabati) nzuri naijuaje?
— Kichwa kilichogongwa kiwe na upana wa mara 1.5 ya kipenyo cha ribiti na kimo cha nusu yake. Ikipinda, itoe, usiigonge tena.